BUNDUKI MKONONI, SIMBA MBELE: Historia ya Kilwa na Lindi ambayo watu hawaisimulii sana

Ukisikika msiba kwamba simba kala mtu kijijini, swali la kwanza la watu wa mjini huwa ni lile lile: "Kwani huko hawana bunduki?"

Swali linaonekana la maana. Simba ni nyama, risasi ni risasi, piga, kazi imeisha. Lakini historia ya Kilwa, Lindi, Liwale na majirani zao wa Rufiji inasema kitu kingine. Bunduki ziko pwani hii tangu enzi za biashara ya pembe, na simba waliendelea kula watu mpaka miaka ya 2000, wakati watu wana simu za mkononi mfukoni. Kwa hiyo shida haikuwa bunduki kukosekana tu. Shida ilikuwa nani anayo, iko wapi usiku, na inamfanya mwenye nayo aende kusimama wapi.

Twende taratibu.

HESABU YA SEKUNDE NNE

Simba akiamua kuja, haji kwa kutembea. Mita 50 anazimaliza kwa sekunde kama nne hivi, pengine chini ya hapo. Ndani ya sekunde hizo mwenye bunduki anatakiwa amwone, aamini anachokiona, ainue, alenge na afyatue. Na simba anayekimbilia mtu hulala chini, kichwa kimeshuka, yaani sehemu ya kulenga inakuwa ndogo na inacheza. Hapo ni mchana, kwenye uwazi. Usiku, kwenye majani marefu, hizo mita 50 hazipo. Unamwona akiwa ameshafika.

Sasa chukua silaha ambayo watu wa kusini waliijua zaidi, gobori. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya pembe na watumwa, na bunduki na baruti zilikuwa sehemu ya biashara hiyo. Misafara ilishuka na pembe, ikapanda na vitambaa, shanga, baruti na magobori. Kwa wawindaji wa tembo gobori lilikuwa mtaji. Kwa mtu anayekutana na simba lilikuwa kamari.

Kwa nini? Gobori linapakiwa kwa mdomo. Unamimina baruti, unasokota kitambaa au nyuzi za makumbi, unatia chuma au gololi, unashindilia kwa mdeki, halafu unaweka fataki. Aliye mwepesi sana anahitaji kama nusu dakika. Simba anahitaji sekunde nne. Maana yake mwenye gobori ana risasi moja ya maisha yake. Na kama baruti imepata unyevu wa masika, hata hiyo moja hana. Gobori linalia "tii!" basi, kimya.

Halafu kuna hatari ambayo wawindaji wote wa zamani waliiogopa kuliko kukosa, nayo ni kupata nusu. Simba aliyejeruhiwa hakimbii akapotea moja kwa moja. Anaingia kichakani, analala, anatulia tuli, anasubiri anayefuata damu. Aliyekosa kabisa ana bahati kuliko aliyempata tumboni. Ndiyo maana kati ya wawindaji kuna sheria isiyoandikwa kwamba uliyemjeruhi ni wako, usimwachie mtu mwingine akamkute njiani. Na mara nyingi wanaokutwa njiani ni wale wasiojua chochote, mama anayekwenda kisimani au mtoto aliyetumwa kuni.

"GOBORI NI GOBORI, JE WENYE BUNDUKI ZA KISASA?"

Swali zuri. Jibu lake liko Kenya, kwenye reli ya Mombasa, mwaka 1898, pale Tsavo ambapo simba wawili walikula wafanyakazi wa reli kwa miezi kadhaa. Kisa chenyewe kinajulikana sana, lakini kuna kipande ambacho watu hukiruka.

Mhandisi aliyekuwa anajenga daraja, J. H. Patterson, alitengeneza mtego wenye vyumba viwili. Upande mmoja anaingia simba, mlango unafunga nyuma yake. Upande wa pili, nyuma ya vyuma, wanakaa askari wa Kihindi na bunduki, salama kabisa. Usiku mmoja simba akaingia kweli, mlango ukafunga. Simba yuko hatua chache mbele yao, hana pa kwenda. Askari walipopata akili ya kufyatua, walimimina risasi kila upande. Simba hakufa. Risasi moja ilivunja chuma cha mlango, simba akatoka zake akaenda.

Majina ya askari wale watu hawayakumbuki. Lakini kabla ya kuwacheka, jaribu kukaa pale. Giza, ngurumo ya simba inatikisa mtego, mwenzako anapiga kelele, na mikono yako haikusikii tena. Bunduki ilikuwa nzima. Binadamu ndiye alikuwa hayuko sawa, na hakuna mafunzo ya gwaride yanayotibu hilo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, simba mwingine alikuwa anasumbua. Ofisa mmoja wa polisi akaamua kumsubiri ndani ya behewa, na wenzake wawili. Wakapangiana zamu. Zamu yake ilipofika, bunduki anayo, usingizi ukamshinda. Simba aliingia kwenye behewa lile lile, akamchukua yeye, akatoka naye dirishani. Chambo na mwindaji wakawa mtu mmoja.

Yule ofisa asingekuwa na bunduki, usiku ule asingelala Kima. Angepita na safari yake. Bunduki ndiyo iliyomweka pale.

Hata huko Marekani, ambako simba hawapo lakini kuna dubu, wameliona jambo hili. Watafiti walikusanya visa 269 vya watu waliokutana na dubu Alaska wakiwa na silaha, kuanzia mwaka 1883 mpaka 2009. Wakalinganisha waliotumia bunduki na waliokuwa nayo wasiitumie. Katika kuumia au kutoumia, hawakuona tofauti ya maana. Sababu zinafanana na za kwetu: muda hautoshi, mnyama yuko karibu mno, bunduki imekwama, au mtu kaganda. Dubu na simba hawafanani, lakini binadamu wa Alaska na wa Liwale moyo wao unadunda vile vile.

MJERUMANI ALIPOCHUKUA MAGOBORI

Turudi kusini. Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani ilitoa sheria ya uwindaji. Kuanzia hapo kuwinda kulihitaji kibali na kibali kilihitaji pesa. Mtu ambaye babu yake aliwinda kwa ruhusa ya ukoo sasa alianza kuitwa mhalifu kwenye pori lake mwenyewe.

Kisha Julai 1905, pale Nandete kwenye milima ya Matumbi, leo ni wilaya ya Kilwa, watu waling'oa mashina ya pamba na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kila mwanafunzi wa Tanzania anajua habari ya maji yaliyotakiwa kugeuza risasi kuwa maji. Kinachosahaulika ni kilichofuata mpaka vita vilipozimwa mwaka 1907. Vyakula vilichomwa, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na walioshindwa wakalazimishwa kusalimisha silaha, magobori pamoja na mikuki.

Mashamba yakabaki bila watu. Shamba lisilo na mtu halikai tupu, linageuka kichaka. Kichaka kinaleta nguruwe pori, na nguruwe pori analeta simba. Waliorudi kulima walirudi mikono mitupu mbele ya wanyama walioongezeka. Kwa hiyo ukimwuliza mzee wa Matumbi "kwani hamkuwa na bunduki?", ana haki ya kukujibu: tulikuwa nazo, zilichukuliwa.

BWANA NYAMA

Waingereza walipokuja, bunduki ilirudi vijijini ikiwa mikononi mwa serikali. Ndiyo ikaja kazi ya bwana nyama, askari wa wanyamapori anayetumwa kuua tembo wanaokula mashamba na simba wanaokula watu.

Maarufu kuliko wote kusini alikuwa Mwingereza C. J. P. Ionides, aliyekaa Liwale. Huyu bwana alianza kama jangili wa pembe kabla ya kuajiriwa na idara ile ile iliyotakiwa kumkamata. Baadaye alihamia kwenye kukamata nyoka, na watu wakampa jina la Bwana Nyoka. Vitabu vimeandikwa juu yake. Lakini bwana mkubwa hafuati simba peke yake. Mbele yake kulikuwa na mfuatiliaji wa nyayo, mtu wa huko huko, anayesoma majani yaliyolala na mchanga uliogeuka. Huyu ndiye anayetangulia kichakani, macho yako chini, mara nyingi mkononi ana mkuki au panga tu. Kama simba yuko pale, wa kwanza kukutana naye ni yeye. Jina lake kwenye vitabu mara nyingi halipo, au lipo nusu.

Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilihamisha maelfu ya watu wa pande za Liwale kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na maeneo waliyoyaacha yakaingizwa kwenye Hifadhi ya Selous. Hifadhi yenyewe ilibeba jina la Frederick Selous, mwindaji aliyepona tembo na simba maisha yake yote, kisha akauawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 kwa risasi ya askari wa upande wa Wajerumani. Simba hawakumpata, binadamu alimpata.

Hifadhi ikawa kubwa, wanyama wakalindwa, na vijiji vikabaki pembeni yake. Bwana nyama mmoja, vijiji vingi, barabara mbovu, mvua za masika. Simba akiua usiku wa Jumatatu, taarifa inatembea kwa miguu au kwa baiskeli, bunduki inafika siku kadhaa baadaye. Simba kashahama, yuko kijiji cha tatu.

DUNGUNI

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote.

Mwaka 2005 watafiti waliandika kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Sehemu kubwa ya balaa hilo ilikuwa kusini mashariki, na wilaya za Rufiji na Lindi zilikuwa kati ya zilizoumia sana. Na walipotazama miezi, wakaona vifo vinaongezeka wakati wa mavuno, Machi mpaka Mei.

Mtu wa Lindi hahitaji kuelezwa kwa nini. Mahindi na mpunga vikianza kukomaa, nguruwe pori wanashuka. Kundi moja kwa usiku mmoja linaweza kumaliza chakula cha nyumba nzima. Pwani watu wengi ni Waislamu, nguruwe haliwi, hivyo anawindwa kwa kulinda shamba tu wala si kwa kitoweo. Basi familia inahamia shambani. Wanajenga dungu la miti na makuti, wanalala huko wiki kadhaa, wanapiga madebe na kuwasha moto. Baba, mama, wakati mwingine na watoto.

Simba anafuata nguruwe. Anafika shambani, nguruwe wamekimbia madebe, lakini kwenye dungu kuna mtu amelala, miguu imetokeza. Simba hakuja kwa ajili ya mtu huyo. Alimkuta.

Watu kama hawa wamo kati ya wale 563. Hawakuwa wawindaji wala wenye ujasiri wa sinema. Ni watu waliokuwa wanalinda gunia la mahindi. Na uchaguzi wao ulikuwa huu: lala shambani, pengine simba aje, au lala nyumbani, nguruwe waje kwa hakika na mwaka huo watoto wale mihogo ya kuomba. Ukiwaambia "msilale shambani" unawaambia wachague njaa.

Wengine huko huko wana gobori lisilo na kibali. Huyo naye ana hofu mbili, ya simba na ya askari. Akimjeruhi simba usiku haendi kutoa taarifa asubuhi, maana ataulizwa bunduki kaipata wapi. Kwa hiyo simba mwenye jeraha anazunguka, na kijiji cha jirani hakijui. Silaha ya kificho inamlinda mmoja na kumweka hatarini mwingine.

Mfano unaojulikana ni wa simba wa Rufiji, kaskazini tu mwa Kilwa, aliyepewa na watu jina la Osama. Kati ya 2002 na 2004 aliua watu wasiopungua 35 kwenye vijiji kadhaa. Alipouawa Aprili 2004 na askari wanyamapori, alikutwa kijana, hata miaka minne hajamaliza, na kwenye taya ana jino bovu lenye jipu kubwa. Miezi 20 hivi, vijiji vinane, serikali yenye bunduki za kisasa, na simba mmoja mwenye maumivu ya jino.

BUNDUKI INAPOGEUKIA JIRANI

Kuna hatari nyingine ya silaha ambayo haimhusu simba kabisa.

Kusini, na ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji, watu wengi wanaamini kuna simba wa porini na kuna simba wa kutumwa. Simba akila mtu, akaruka ng'ombe au mbuzi waliokuwa karibu, minong'ono inaanza. Nani aligombana na marehemu? Nani mwaka huu kavuna vizuri wakati wenzake wamelia?

Kijiji kilichojaa hofu, chenye silaha, na simba haonekani, kinatafuta adui anayeonekana. Kwenye wilaya ya Muidumbe, Msumbiji, mwaka 2002 na 2003, simba waliua watu wengi, kisha watu wakaanza kuuana wenyewe kwa tuhuma za kutengeneza simba. Mzee anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, anakuwa rahisi kupatikana kuliko simba. Huyo naye ni mtu aliyeuawa na simba, japo hakuumwa.

SASA KINACHOOKOA NI NINI?

Siyo kwamba bunduki haina kazi. Simba aliyezoea kula watu hatubiwi, anatakiwa auawe, na anauawa kwa bunduki ya mtu aliyefundishwa, mwenye wenzake, mchana, asiye na haraka. Lakini hiyo ni kazi ya mwisho. Vinavyookoa watu wengi ni vitu visivyo na sifa.

Ukuta. Nyumba ya matofali na choo cha karibu vinaokoa kuliko gobori chini ya kitanda. Wengi walishikwa wakitoka kujisaidia usiku.

Kuongozana. Kwenda kisimani wawili watatu, kurudi kabla jua halijazama.

Mwezi. Watafiti wamegundua kwamba kusini mwa Tanzania mashambulizi huongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi unachelewa kuchomoza, saa moja mpaka saa nne usiku ni giza totoro, watu bado wako nje, na simba ana njaa kwa sababu usiku wa mbalamwezi mawindo yalikuwa yanamwona. Kwa hiyo mbalamwezi ikiisha, ndiyo siku za kuingia ndani mapema.

Nguruwe. Ukipunguza nguruwe umepunguza simba. Mitaro kuzunguka mashamba, kufyeka vichaka vya pembeni, kulima mashamba yakiwa pamoja badala ya kila mtu kichaka chake. Hakuna shujaa kwenye mtaro, lakini mtaro haulali zamu yake ikifika.

Na taarifa ya haraka, bila mtoa taarifa kuogopa kuwekwa ndani.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia iliyopoteza mtu kwa mnyama hatari. Kifuta machozi ni kizuri, ila kinakuja machozi yakishatoka. Mtaro na ukuta vinakuja kabla.

Historia ya pwani hii ukiitazama vizuri, walioandikwa ni wenye bunduki. Ionides yupo, Selous yupo, mhandisi wa Tsavo yupo. Aliyetangulia kichakani na panga hayupo. Mama aliyelala dunguni na debe lake hayupo. Hao ndio waliokutana na simba kila msimu, miaka mia moja, na ndio waliofanya kusini kukaendelea kuliwa ugali.

Sasa kwa walioko Kilwa, Lindi, Liwale, Nachingwea na kwingineko: kwenu wazee wanasimulia nini juu ya simba wa dunguni? Na kama ungekuwa wewe, nguruwe wanatafuna mahindi yako na mwezi haujachomoza, ungelala wapi?